Sura ya Sita: Mimi Si Fundi wa Kompyuta, Nitasaidia Nini?

Swali hili huulizwa karibu kila mahali programu huria zinapozungumziwa, na huja na ndugu yake: kama kitu hiki kinatolewa bure, nani basi anahakikisha kwamba kinafanya kazi? Anayeuliza la kwanza huwa ameshajijibu moyoni kwamba wa kusaidia ni wale wanaojua kuandika programu. Anayeuliza la pili anaogopa kwamba cha bure hakina mwenyewe. Jibu la wote wawili ni moja. Programu hizi hujaribiwa na watu wanaozitumia, na wengi wao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Tuweke maneno sawa kwanza. Mfumo endeshi ni ile programu inayoamka unapowasha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine zote kutumia diski, kioo, kibodi na intaneti. Windows ni mfumo endeshi, na Android iliyo kwenye simu yako pia. Programu huria ni ile ambayo maelekezo yake ya ndani, kama yalivyoandikwa na watengenezaji, yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Linux ni kiini cha mfumo endeshi wa namna hiyo. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki. Watu wengine hukichukua kiini hicho, wakakiunganisha na maelfu ya programu nyingine, wakatoa mfumo kamili. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993, ni mmoja wa mifumo hiyo. Ubuntu, uliotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa uongozi na fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umejengwa juu ya Debian. Sura hii itakaa na hiyo miwili.

Neno la mwisho ni hitilafu. Ni jambo lolote ambalo programu inalifanya kinyume na inavyotakiwa: inazimika ghafla, inapoteza maandishi, au inakataa kuchapisha.

Printa iliyogoma siku za Jumanne

Mwaka 2009 mtumiaji mmoja wa Ubuntu aliandika katika orodha ya hitilafu za mfumo huo malalamiko ya mkewe: OpenOffice, programu ya kuandikia barua na mahesabu, haichapishi kamwe siku ya Jumanne. Mke alimwonyesha mume, na kweli Jumanne printa ilinyamaza, huku programu nyingine zikichapisha kama kawaida. Ukisikia habari hii kwa jirani utacheka. Fundi asiye na subira angesema waya umelegea.

Hitilafu ilikuwepo kweli, na chanzo chake kilipatikana. Kabla ya kuchapisha, OpenOffice iliandaa faili lenye tarehe ya siku hiyo kwa Kiingereza, na siku ya Jumanne tarehe hiyo ilianza na herufi Tue. Ndani ya mfumo kuna chombo kidogo ambacho kazi yake ni kuchungulia herufi za faili na kutamka: hili ni picha, hili ni muziki, hili ni waraka. Chombo hicho kilikuwa na kanuni ya kutambua mafaili ya Erlang, lugha mojawapo ya kuandikia programu. Kanuni ilisema: ukikuta tarehe fulani ya Jumanne, 22 Januari 1991, hilo ni faili la Erlang. Ila nafasi zilizo kati ya maneno ya tarehe hiyo hazikuwa zimewekewa alama inayotakiwa, kwa hiyo kompyuta ikaishia kusoma neno la kwanza tu, Tue, na kuiacha tarehe iliyobaki. Waraka wa Jumanne ukahesabiwa kuwa faili la Erlang, na njia ya kwenda kwenye printa ikaukataa.

Kurekebisha hitilafu hiyo kulikuwa jambo la kugusa mstari mmoja. Kazi ilikuwa kuigundua. Hakuna mtengenezaji ambaye angekaa akajiambia, ngoja nijaribu kuchapisha Jumanne, kisha nijaribu tena Jumatano. Aliyeweza kuona ni mtu mwenye kazi zake za kila wiki, akagundua kwamba printa inagoma kwa ratiba. Na wala hakuhitaji kujua Erlang ni kitu gani.

Kwa nini watengenezaji hawaoni wenyewe?

Wanaona mengi. Kampuni kama Canonical, inayotengeneza Ubuntu, na Red Hat, inayosaidia mradi wa Fedora (mfumo mwingine wa Linux), zina wafanyakazi wanaolipwa kwa kazi ya kujaribu. Kuna pia programu zinazojaribu programu nyingine: openQA, inayotumiwa na miradi ya Linux ya openSUSE na Fedora, huweza kusakinisha mfumo mzima, kubonyeza vitufe na kulinganisha kinachoonekana kwenye kioo na kilichotarajiwa, usiku kucha, bila mtu kukaa pale.

Lakini majaribio hayo mengi hufanyika ndani ya kompyuta za kufikirika, yaani programu inayojifanya kompyuta. Kompyuta ya kufikirika haina spika inayokwaruza wala betri iliyochoka. Haina ile laptopu iliyotoka Dubai ikiwa imeshatumika, kibodi ya Kiarabu, kadi ya waifai iliyobadilishwa na fundi mtaani. Haijui umeme unapokatika katikati ya kusakinisha maboresho. Haijawahi kupata intaneti kwa kuunganishwa na simu ambayo bando lake limebaki MB 40.

Hapo ndipo thamani yako ilipo. Duniani kuna aina za mashine nyingi kupita uwezo wa kampuni yoyote kuzinunua na kuzipanga mezani, na kuna mazoea ya watumiaji mengi zaidi ya hapo. Mashine yako pamoja na mazoea yako ni maabara ambayo hakuna mwingine anayo. Ukikaa kimya kuhusu kinachotokea humo, hakuna atakayekijua.

Safari ya kifurushi

Ili ujue pa kusimama, yafaa kuelewa jinsi programu inavyosafiri ndani ya Debian. Kila programu hufungwa kama kifurushi: mafaili yake, maelezo ya jinsi ya kuyasakinisha, na orodha ya vifurushi vingine inavyovihitaji. Debian 13, iliyotoka 9 Agosti 2025 kwa jina la Trixie, ina vifurushi zaidi ya 69,000.

Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu za katuni za Toy Story, na kwa mara moja utani wa watengenezaji umebeba maana. Kifurushi kipya huingia kwanza katika tawi liitwalo Sid. Sid katika filamu ile ni mtoto mtundu wa jirani aliyezoea kuvunjavunja midoli, na tawi hili halibadilishi jina kamwe, kwa sababu huko vitu huvunjika. Kikikaa huko kwa muda, kwa kawaida siku 2, 5 au 10 kulingana na uharaka wake, bila kuzua hitilafu mpya nzito, huhamia tawi la majaribio. Tawi la majaribio ndilo litakalokuwa toleo imara lijalo. Miezi kadhaa kabla ya toleo kutoka, milango hufungwa hatua kwa hatua. Kwa Trixie ufungaji huo ulianza Machi 2025, na tangu hapo mabadiliko makubwa hayakuruhusiwa tena, kazi ikawa kuondoa hitilafu.

Nani anaamua hitilafu ipi ni nzito? Debian ina ngazi saba za uzito. Tatu za juu ndizo zinazoweza kuzuia toleo zima lisitoke: zinazoharibu mfumo au kupoteza data, zinazofanya kifurushi kisitumike kabisa, na zinazovunja kanuni za msingi za mradi. Chini yake kuna muhimu, za kawaida, ndogo, na maombi tu. Mtumiaji anayeripoti hupendekeza ngazi, na msimamizi wa kifurushi anaweza kuibadili. Wageni wengi hupandisha ngazi ili wasikilizwe haraka. Wasimamizi wameshaizoea hila hiyo na huishusha ngazi bila maneno mengi, kwa hiyo jisomee maana ya kila ngazi na useme ukweli.

Orodha yote ya hitilafu iko wazi kwa umma. Katika mkataba wake na jamii uliopitishwa mwaka 1997, Debian iliahidi kutoficha matatizo, na mwaka 2021 namba za taarifa katika orodha hiyo zilivuka 1,000,000. Mtu anaweza kuitazama namba hiyo akasema mfumo huu ni mbovu kweli. Mimi naisoma kinyume: kuna bidhaa nyingi za kulipia ambazo orodha yake ya hitilafu hutaiona maisha yako yote.

> Kwa ufupi: Sid ni la wenye moyo mgumu. Tawi la majaribio linamfaa anayetaka kusaidia na bado kompyuta yake iwake asubuhi. Toleo imara ni la kazi za kila siku, na hata humo hitilafu huripotiwa.

Nusu sekunde

Mwezi Machi 2024 mhandisi wa hifadhidata aitwaye Andres Freund, aliyekuwa akifanya kazi Microsoft, alikuwa anapima kasi ya programu ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye kompyuta iliyowekwa Debian Sid. Aliona kitu kidogo. Kuingia kwenye kompyuta hiyo kwa njia ya SSH, ambayo ni njia ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali nayo, kulikuwa kumepungua kasi: kutoka takribani sekunde 0.3 hadi 0.8. Nusu sekunde tu. Wiki kadhaa kabla, chombo kingine cha kupimia kilikuwa kimempa malalamiko ya ajabu kuhusu kumbukumbu ya kompyuta. Akayaunganisha mambo hayo mawili.

Alipochimba alikuta kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mfumo wa Linux, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri katika matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupandikiza alitumia jina la Jia Tan. Alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, na katika muda huo akaaminiwa kuwa msimamizi. Mlango huo ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kwenye kompyuta za watu bila nenosiri. Freund alitangaza alichokiona tarehe 29 Machi 2024. Matoleo yale yalikuwa yameshaingia Debian Sid, tawi la majaribio la Debian, na matoleo ya majaribio ya Fedora. Toleo imara la Debian lilikuwa halijaguswa. Ubuntu nao uliahirisha kwa wiki moja toleo la majaribio la 24.04, ili vifurushi vijengwe upya kwenye mazingira yanayoaminika.

Freund si mtumiaji wa kawaida. Ni mhandisi mzoefu, na sitaki msomaji adhani kila anayejaribu Sid atazuia janga la dunia. Hata hivyo hakuwa mtaalamu wa usalama, wala hakuwa anatafuta mlango wa siri. Alikuwa kwenye toleo la majaribio, akifanya kazi yake, na hakukubali kuipuuza nusu sekunde. Kama kila mtu angekuwa anasubiri toleo imara ndipo aanze kutumia, mlango ule ungefika kwenye toleo imara.

Wanaotetea programu huria hupenda kusema kwamba maelekezo ya ndani ya programu yakiwa wazi, macho mengi yatayaona. Uwazi peke yake hautoshi. Hitilafu ya Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014 katika programu huria ya usalama ya OpenSSL, ilikuwa imekaa wazi kwa takribani miaka miwili. Ilikuwa mbele ya macho ya watu, ila hakuna aliyeitazama.

Kueleza ili mtu wa mbali aone

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndipo wengi wenye nia njema hukwama. Mteja akimfikishia fundi bodaboda yake na kusema "inasumbua", fundi ataanza kufungua kila kitu. Akisema "inazima nikipanda mlima, gia ya pili, injini ikiwa ya moto, asubuhi haina shida", fundi ameshajua aanzie wapi. Taarifa ya hitilafu ni hilo la pili, likiandikwa kwa mtu ambaye hamjawahi kuonana na hawezi kuigusa mashine yako.

Chukua mfano wa kawaida kwenye laptopu za Linux. Mtu ameandika hivi:

*Tangu niweke toleo jipya waifai haifanyi kazi. Tafadhali rekebisheni haraka.*

Msimamizi wa kifurushi hana la kufanya na sentensi hizi. Waifai ipi, kwenye mashine gani, kuanzia lini? Haifanyi kazi kabisa, au inakatika? Atauliza, mwandishi atachelewa kujibu, na baada ya miezi taarifa itafungwa kwa kukosa maelezo. Sasa tazama hii:

*Kichwa: Waifai haionekani baada ya kufunga na kufungua kifuniko cha laptopu*

*Mfumo: Debian, tawi la majaribio, umesasishwa leo*

*Hatua:*
*1. Washa laptopu na ujiunge na waifai. Inafanya kazi.*
*2. Funga kifuniko, subiri dakika moja hadi ilale.*
*3. Fungua, andika nenosiri.*

*Nilichotarajia: waifai ijiunge yenyewe.*
*Kilichotokea: orodha ya mitandao ni tupu mpaka niwashe kompyuta upya.*
*Hutokea kila mara. Nikichagua kiini cha zamani kwenye menyu ya kuwashia, tatizo halipo.*

Kichwa kimetaja tukio, hakikutaja hasira. Hatua zinaweza kufuatwa na mtu yeyote mwenye laptopu ya aina hiyo. Alichotarajia na alichokipata vimetenganishwa, jambo linaloonekana dogo mpaka ukutane na taarifa ambayo mwandishi wake anakiita hitilafu kitu kilichokusudiwa kuwa hivyo.

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mifumo ya Linux kwa kawaida haifuti kiini cha zamani mara tu kipya kinaposakinishwa. Ukiwasha kompyuta na kufungua menyu ya mwanzo, utakuta kiini cha nyuma kipo. Kukijaribu ni kazi ya dakika chache, na kunamwambia mtengenezaji kwamba ubovu umeingia kati ya toleo lile na hili. Kutoka hapo anayejua anaweza kuendelea kwa kugawa nusu kwa nusu: kama kati yake kuna matoleo 16, ajaribu la katikati, aone limekaa upande wa wazima au wa wabovu, agawe tena. Kwa majaribio manne atakuwa amelifikia toleo lililoleta shida. Wapo watu wasiojua kuandika programu ambao wamewafikisha watengenezaji hadi kwenye badiliko moja lenye makosa kwa njia hii tu, kuwasha na kuzima, kwa uvumilivu.

Usiandike matoleo ya vifurushi kwa kukumbuka. Debian ina chombo kiitwacho reportbug. Unakitajia jina la kifurushi, nacho hukusanya chenyewe toleo, aina ya mashine na vifurushi vinavyohusiana, kisha hukuuliza maswali. Kwenye Ubuntu amri ya ubuntu-bug hufanya kazi ya namna hiyo. Debian ina faida nyingine kwa sisi wa mabando: taarifa zake hupokelewa kwa barua pepe ya maandishi matupu, na majibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Hata mtandao ukiwa wa kusuasua, barua itakwenda.

Mambo mengine ya kuzingatia kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma:

- Tafuta kwanza kama kuna aliyekutangulia. Ukimkuta, ongeza maelezo ya mashine yako kwenye taarifa yake badala ya kufungua mpya.
- Taarifa moja, hitilafu moja. Ukichanganya waifai na printa, msimamizi wa kila upande atasubiri mwenzake aanze.
- Sasisha mfumo na ujaribu tena, maana huenda dawa imeshafika.
- Kagua unachoambatisha. Taarifa ni ya umma na itabaki humo miaka mingi pamoja na anwani yako ya barua pepe. Picha ya kioo yenye jina la mteja, namba ya kitambulisho au nenosiri la waifai ya ofisi haina nafasi humo.
- Ukiona hitilafu inayoweza kumruhusu mtu kuiba au kuingia asikotakiwa, usiitangaze. Kila mradi mkubwa una timu ya usalama inayopokea taarifa kwa siri hadi dawa ipatikane.

Na lugha? Taarifa nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na hilo huwaogopesha watu bila sababu. Kiingereza kinachohitajika ni cha sentensi fupi: nilifanya hivi, nikaona hivi. Watengenezaji wenyewe wametawanyika Ujerumani, Brazil, Japani, Ufaransa na kwingineko, na wengi hawakuzaliwa na lugha hiyo. Hatua zilizopangwa kwa namba husomeka hata sarufi ikichechemea.

Usiharibu mashine ya kazi

Toleo la majaribio linaweza kukuharibia kompyuta. Ni nadra, lakini hutokea, na hata toleo linaloitwa imara halijasalimika. Ubuntu 17.10, uliotoka Oktoba 2017, ulibeba kiendeshi, yaani programu inayozungumza na kifaa cha ndani, ambacho kiliharibu mipangilio ya kuwashia kompyuta kwenye baadhi ya laptopu, hasa za Lenovo. Wenye mashine hizo walijikuta hawawezi kuhifadhi mabadiliko ya mipangilio hiyo, na wengine hawakuweza tena kuwasha kwa flashi. Desemba mwaka huo toleo liliondolewa lisipakuliwe, na Januari 2018 likarudishwa likiwa limerekebishwa. Mashine hizo zingekuwa mikononi mwa wajaribu wengi zaidi kabla ya Oktoba, huenda shida ingejulikana mapema. Na hao wajaribu wangeumia wao kwanza. Pande zote mbili za ukweli huo uzibebe.

Kwa hiyo chagua pa kujaribia kulingana na ulichonacho. Mwenye kompyuta moja, tena ya stesheneri inayomlisha, asisakinishe tawi la majaribio juu yake. Atengeneze flashi ya kuwashia: mfumo unaoanza kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa kwenye diski. Humo ataweza kujua kama sauti, kioo, waifai na kamera vinaitikia, na hiyo peke yake ni taarifa yenye thamani. Mwenye laptopu ya pili, hata iliyochakaa, ana bahati, mradi tu si ya zamani mno. Debian 13 haisakinishwi tena moja kwa moja kwenye kompyuta za biti 32. Mwenye mashine moja yenye nguvu anaweza kutumia kompyuta ya kufikirika kupitia VirtualBox, akijua kwamba humo atajaribu programu tu, maana vifaa vyake halisi havitaguswa.

Gharama ya bando nayo ni ya kweli. Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 ya mezani linazidi GB 5. Faili dogo la Debian linalovuta vingine kutoka mtandaoni halifiki GB 1, lakini maboresho ya tawi la majaribio huja kila siku na hula kidogokidogo. Pakua mahali penye intaneti ya chuo au ya ofisi inayokuruhusu, halafu wagawie wenzako kwa flashi. Leseni za mifumo hii zinakupa ruhusa hiyo waziwazi.

Sehemu ambayo hakuna wa kutusaidia

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ileile iliyogoma Jumanne. Kazi ile ilionyesha kwamba tafsiri inawezekana. Lakini tafsiri ikishatolewa mara moja haijitunzi. Programu hubadilika, vitufe vipya huongezwa, na maneno ambayo hayajatafsiriwa hujichomeka katikati ya Kiswahili.

Mjaribu wa Helsinki hataliona hilo. Mfumo ukiwekwa kwa Kiswahili, maandishi huweza kuwa marefu kuliko kitufe kilichopimwa kwa Kiingereza, na mwisho wa neno ukakatwa. Kuna mipangilio ya kibodi ya Kiswahili kwa Tanzania na kwa Kenya, kuna majina ya siku na miezi ya Kiswahili ndani ya mfumo, na kila kimojawapo kinahitaji mtu anayekitumia kweli atazame kama kimekaa sawa. Tafsiri iliyopinda ni hitilafu kama nyingine yoyote na huripotiwa kwa njia ileile. Huku uzembe ni wetu wenyewe: tunalalamika kwamba Kiswahili cha kwenye kompyuta ni kibovu, kisha tunarudisha mpangilio wa Kiingereza bila kumwambia anayehusika neno lipi limekosewa.

Baada ya kutuma

Kwanza utapata namba, halafu pengine kimya. Wasimamizi wengi wa Debian wanajitolea kama wewe, wana kazi na watoto. Majibu huja baada ya saa moja, au wiki sita, au hayaji. Usiandike kila siku kuuliza. Rudi toleo jipya likitoka, jaribu hatua zilezile, na useme matokeo. Ukiombwa kujaribu dawa, jaribu na ujibu, hata kama jibu ni kwamba haikusaidia.

Hitilafu nyingine hukaa wazi miaka mingi. Hitilafu namba 1 ya Ubuntu iliandikwa na Shuttleworth mwenyewe Agosti 2004, nusu kwa utani: kwamba Microsoft imeshika soko kubwa kupita kiasi. Aliifunga Mei 2013, baada ya simu na tableti kubadilisha soko lenyewe.

Malipo ya fedha hakuna, na anayekuahidi utajiri kwa njia hii anakudanganya. Utakachobaki nacho ni rekodi ya wazi yenye jina lako: taarifa ulizoandika, maswali uliyojibu, hitilafu zilizofungwa kwa sababu yako. Kijana anayetafuta kazi ya kompyuta anaweza kuiweka mbele ya mwajiri, na mwajiri anayejua kazi ataisoma.

Ukitaka kuanza wiki hii, huhitaji kugundua kitu kipya. Chagua programu moja unayoitumia kila siku, fungua orodha ya hitilafu zake, soma taarifa tatu ambazo hazijajibiwa, kisha fuata hatua za mojawapo kwenye mashine yako. Andika chini yake kama kwako pia inatokea au haitokei. Na utaje toleo unalotumia, maana bila hilo jibu lako halitamsaidia mtu.